Mstari wa Buluu kwenye Chaki

Ijumaa, 24 Juni 1966

Maandalizi ya Sabato. Viatu nimevipaka rangi. Ndevu nimenyoa. Dorka, mke wangu, amesonga ugali mapema ili moto uzimwe kabla jua halijazama. Beseni la kutawadhana miguu nimelisugua mwenyewe kwa majivu. Mashemasi vijana huliacha na utando.

Alasiri Turfena alipita njiani na mfuko wa zabibu kavu. Yeye ndiye shemasi anayetuchemshia maji ya zabibu ya Meza ya Bwana, kwa kuwa mizabibu haioti kwetu na divai iliyochacha hatuinywi. Mumewe, Zakaria, ni mzee wa kanisa pamoja nami. Alinisalimu kwa adabu.

Mfuko niliuona mdogo kuliko ule wa Meza iliyopita, ya Machi. Huenda ni macho yangu. Sidhani.

Jumamosi, 25 Juni

Zakaria na mimi tulitawadhana miguu kama kawaida yetu. Mtu anaweza kuchagua mwenzake yeyote, lakini sisi hatujabadilishana tangu tulipobatizwa siku moja. Ana ufa mrefu kwenye kisigino cha kushoto. Ninaujua kuliko mke wake anavyoujua.

Kisha vikombe. Maji ya zabibu yalikuwa meusi. Machi yalikuwa rangi ya chai hafifu. Leo kahawa. Tone moja lilianguka kwenye kitambaa cheupe cha meza likaacha doa. Nilimtazama Turfena. Alikuwa ameinamisha kichwa. Kuna wanaoinamisha kichwa ili waombe. Kuna wenye sababu nyingine.

Baada ya ibada, masalio ya meza humwagwa ardhini nyuma ya kanisa. Hayanywewi tena, hayabebwi nyumbani. Mwaka huu kazi hiyo ni yangu. Nilimwaga. Si yote. Niliacha kiasi cha kikombe ndani ya jagi, nyuma ya tanki la maji, nikavuka ua hadi nyumbani, nikachukua kichupa kimoja kabatini, cha enzi zangu za ualimu. Nilikiosha kwa maji moto. Kioo kikang'aa. Nikakijaza, nikakiziba kwa kizibo chake.

Nilichofanya si sahihi. Lakini uongo mezani pa Bwana ni kosa kubwa zaidi.

Sikumwambia Dorka.

Jumapili, 26 Juni

Soko la Oyugis. Sikuwa na haja ya kitu. Nilikwenda kumtazama Akinyi, binti wa Zakaria na Turfena, anayeuza keki karibu na machinjio. Zamani aliuza mandazi matupu. Sasa keki zake zina zabibu ndani. Zabibu nyingi.

"Mwalimu! Leo umepotea njia? Chukua moja, onja kwanza ndio uongee."

Nilimwuliza zabibu hizo ametoa wapi.

"Kwa Mhindi, Homa Bay. Kwani zinatoka wapi tena, mbinguni?"

Wanawake waliokuwa pale wakacheka. Mimi sikucheka. Sikununua.

Mama anapewa zabibu za kanisa. Mtoto anauza keki za zabibu. Maji ya meza yanageuka kuwa meusi kama yaliyotiwa rangi. Mtu asiyeona hapo ni mtu asiyetaka kuona.

Jumatano, 29 Juni

Siku tatu nimepima jambo hili. Nikisema bila ushahidi, nitakuwa mchongezi. Nikinyamaza, nitakuwa mshiriki.

Miriam, binti yangu, anafundisha sayansi katika shule ya wasichana Homa Bay. Aliwahi kuniambia kuwa rangi zilizochanganyika zinaweza kutenganishwa. Nitamwendea kesho.

Alhamisi, 30 Juni

Homa Bay. Kichupa nimekilaza kikapuni chini ya vazi la kubadilisha. Nilipitia kwanza duka la Mhindi. Nikamwuliza habari za zabibu. Alisema Akinyi hununua kwake, na kwamba shehena ya safari hii ni kavu na nyeusi, imekaa sana njiani, ukiichemsha hutoa maji mazito. Alijibu haraka mno. Mwenye duka humtetea mteja wake. Sikumwamini.

Miriam alinipokea vizuri. Amekonda. Sikumwambia ninachotafuta, nilisema tu nataka kuona jinsi rangi zinavyotenganishwa. Alifurahi. Sijamwona akifurahi hivyo kwa jambo langu kwa muda mrefu.

Alisaga majani ya mchicha katika spiriti. Akachora pete ya maji yale ya kijani karibu na tako la chaki, ile ile ya ubaoni, akaisimamisha ndani ya kisahani chenye petroli na spiriti kidogo. Tukangoja. Unyevu ukapanda ndani ya chaki. Rangi nazo zikapanda, lakini si pamoja. Manjano ilitangulia mbali. Nyuma yake kijani chenye ubuluu. Nyuma kabisa kijani chenye umanjano.

Miriam alieleza kwamba chaki imejaa matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Kinachopita humo hugusa chaki kila mahali. Rangi inayoishika chaki kwa nguvu hubaki nyuma. Isiyoishika husafiri. Zile kijani mbili, alisema, ni kama ndugu wa tumbo moja. Zimeumbwa karibu sawasawa, tofauti ni kijisehemu kimoja tu. Macho hayazitofautishi katika jani. Chaki huzitofautisha.

Nilifundisha kwa chaki miaka thelathini na mmoja. Ilinivunjikia vidoleni, ilinijaa mapafuni. Sikujua ina uwezo huu. Niliipenda chaki leo kuliko siku zote nilizoitumia.

Ijumaa, 1 Julai

Nilimtolea Miriam kichupa. Nikamweleza. Furaha yake ikaisha.

"Baba, haya ni maji ya Meza ya Bwana?"

Nilimwambia afanye kazi yake.

Alichora pete kwenye chaki mpya, akaisimamisha katika maji matupu. Rangi ya kahawia ilipanda kidogo, ikatanda, ikachoka. Kisha juu yake, peke yake, ukatokea mstari mwembamba wa buluu. Buluu safi. Hakuna zabibu yenye buluu ya namna hiyo.

Tulirudia kwa chaki nyingine. Mstari ule ule.

Nilifurahi. Naandika ukweli: nilifurahi. Tangu Sabato nilikuwa nikijiona mzee mwenye wivu. Sasa mimi si mwenye wivu. Mimi niliona.

Miriam hakufurahi. Alisema, "Chaki inasema kilichomo, Baba. Haisemi nani alitia." Nikamjibu kwamba aliyechemsha ni mmoja tu. Alitaka kusema jambo lingine kuhusu majaribio. Nikamwambia gari linaondoka.

Chaki mbili nimezifunga katika kitambaa. Kichupa kimebaki karibu kitupu.

Jumapili, 3 Julai

Baraza la kanisa. Mchungaji alikuwapo. Nilisimama, nikaeleza kwa utaratibu: mfuko, rangi, keki, chaki. Chaki zikapita mkono kwa mkono. Kila aliyeshika aliugusa ule mstari wa buluu kwa kidole kana kwamba utafutika.

Turfena aliulizwa. Alisema, "Nilichemsha zabibu na maji. Zilikuwa ngumu, nikazichemsha mpaka zikalainika. Hakuna kingine. Mungu anajua, na sufuria yangu inajua."

Zakaria hakumtetea mke wake. Aliniuliza mimi swali moja tu.

"Mwalimu, hayo maji uliyatoa wapi?"

Nilijibu. Mchungaji alisema hilo litazungumzwa siku nyingine. Nilishukuru, na sikupenda kwamba nilishukuru.

Imeamuliwa: Turfena asimame kando na kazi ya ushemasi. Kwenye Meza ya Septemba jambo litaamuliwa kabisa, ama arudi, ama jina lake liondolewe. Alifungua kitambaa chake cha ushemasi kichwani, akakikunja mara nne, akakiweka mezani mbele yangu. Si mbele ya mchungaji. Mbele yangu.

Jumamosi, 16 Julai

Turfena hakuja ibadani. Zakaria alikuja, akaketi nyuma na vijana. Nilimwachia nafasi kwenye benchi la wazee. Hakuitazama.

Mtu asiye na hatia angekuja na kuketi mbele.

Jumanne, 26 Julai

Soko la Oyugis. Watoto wanamwimbia Akinyi, "Keki za wino! Keki za wino!" Baraza halikutaja wino. Nilisema rangi. Watu wameongeza wenyewe. Meza yake ilikuwa imejaa na hapakuwa na mnunuzi. Aliniona. Safari hii hakuniita.

Hilo sikulitaka. Lakini nani aliyeanza?

Jumapili, 31 Julai

Dorka ananipa chakula na kwenda kula jikoni. Nilimwuliza kuna nini. "Hakuna kitu, Baba Miriam." Turfena ndiye aliyemzalisha Miriam, usiku wa mvua, wakati mkunga alikuwa ng'ambo ya mto. Anadhani nimesahau. Sijasahau. Haki haina mkunga.

Nimesoma tena sentensi hiyo. Ni nzuri. Siipendi.

Jumapili, 14 Agosti

Miriam amekuja likizo. Salamu, habari, chai. Kisha akaniuliza mbele ya mama yake swali alilotaka kuniuliza siku ile.

"Baba, kile kichupa, ulikijaribu kwa maji matupu?"

Nilimwambia kichupa kilikuwa safi kama glasi ya hospitali. Akasema hakubishi, ila kila jaribio lina mwenzake: huwezi kusema maji yana kitu mpaka ujue chombo hakina. Alisema ni kosa lake, alipaswa kukataa siku ile. Nilikasirika. Nikamwambia hakusomeshwa ili aje kumtetea mwizi. Aliondoka mezani.

Turfena amemtuma? Dorka amemtuma? Wamekuwa wakinong'ona jikoni tangu asubuhi.

Jumatano, 17 Agosti

Miriam amerudi Homa Bay mapema. Dorka amekwenda shamba.

Nilichukua kichupa ili nimalize maneno. Nilikiosha, nikakijaza maji ya tanki, nikakiziba, nikakilaza ubavu kama kilivyolala kikapuni. Nikakiacha tangu asubuhi hadi mchana. Kisha chaki mpya, kisahani, pete. Nikaketi.

Maji yakapanda. Chaki ikawa nyeupe, nyeupe, nyeupe.

Kisha mstari wa buluu.

Nilidhani nimekosea chaki. Nikachukua nyingine. Buluu.

Kioo ni safi. Nimekitazama juani. Nikashika kizibo. Kizibo ni cha gome, kimekauka, chini kina weusi ambao siku zote niliuona kuwa uzee. Nikakikata katikati kwa wembe.

Ndani ni buluu. Mpaka katikati. Buluu ya wino wa unga wa serikali niliokuwa nikiukoroga kila Jumatatu na kuubeba darasani ndani ya kichupa hiki hiki. Nimestaafu tangu mwaka wa hamsini na nane. Miaka yote hiyo gome lile liliushika wino matunduni mwake, na nilipolaza maji ya zabibu juu yake, likautoa.

Chaki haikusema uongo. Ilisema wino wangu.

Alhamisi, 18 Agosti

Hakuna anayejua.

Ijumaa, 19 Agosti

Vipande viwili vya kizibo nilivificha ndani ya kiatu cha zamani. Leo kiatu kimeelekea ukutani. Nilikiacha kimeelekea mlango. Au sikukiacha hivyo. Dorka alifagia chumba. Alikuwa akiimba wimbo wa Sabato polepole, ule ambao Turfena huuanzisha.

Nimemshuku mke wangu kwa sababu ya kiatu. Hapa ndipo nilipofika.

Jumamosi, 20 Agosti

Nilikwenda ibadani nimeazimia kusema. Somo la leo lilikuwa juu ya shahidi wa uongo. Nilifikiri mchungaji ameambiwa. Nikatafuta nyuso. Kila uso ulionekana unajua. Sikusema.

Zakaria alikuwa nyuma. Kiatu chake kimepasuka.

Nimejaribu kuandika sababu za kunyamaza. Kwamba bado kuna mfuko ulioonekana mdogo. Kwamba bado kuna keki. Nimezifuta. Mfuko niliupima kwa macho, kutoka ng'ambo ya njia. Zabibu za Akinyi zilitoka dukani alikosema. Mwenye duka aliniambia na sikutaka kusikia. Sikuwa natafuta rangi. Nilikuwa natafuta Turfena. Kwa nini, sijui. Labda kwa sababu anapoomba watu hulia, na ninapoomba mimi watu hutazama saa.

Jumamosi, 27 Agosti

Nimesema.

Wakati wa matangazo nilisimama mbele nikaweka mezani kichupa, nusu mbili za kizibo na chaki iliyojaribiwa kwa maji matupu. Nikaeleza kama nilivyoeleza mara ya kwanza, kwa utaratibu ule ule, ili asiweze mtu kusema nililaumu kwa sauti kubwa na kutubu kwa sauti ndogo. Nikasema pia kwamba niliyachukua masalio ya meza kinyume cha desturi. Nikaomba niondolewe katika uzee wa kanisa.

Nilitarajia kelele. Hapakuwa na kelele. Mama mmoja mbele alisema, "Sasa Turfena wa watu!" Basi.

Alasiri nilikwenda kwao. Turfena alikuwa akipepeta wimbi uani. Hakuacha kupepeta. Nilisema niliyokuja kusema. Makapi yalinirukia kifuani.

"Nimesikia, Mwalimu," alisema.

Nilingoja. Hapakuwa na zaidi. Zakaria hakutoka ndani. Nilikiona kivuli chake mlangoni.

Nilipofika nyumbani Dorka alileta sahani mbili. Aliketi. Tulikula pamoja.

Jumapili, 28 Agosti

Nimemwandikia Miriam. Mistari mitatu. Hakuna cha kusahihisha.

Jumanne, 6 Septemba

Migori. Akinyi alihamia huku mwezi uliopita kwa sababu Oyugis keki zake hazikununuliwa. Nilimkuta karibu na daraja, na karai la mafuta na sinia la keki. Kulikuwa na watu wengi: Wajaluo, Wakuria waliotoka Kegonga na mahindi yao, wafanyabiashara wa kutoka ng'ambo ya mpaka.

Nilianza kusema taratibu. Alinikatiza.

"Ongea kwa nguvu, Mwalimu. Barazani ulisema kwa nguvu."

Nikasema kwa nguvu. Watu waligeuka. Nilieleza kwamba mama yake hakuiba na keki zake hazijawahi kuwa na wino, bali wino ulikuwa wangu. Mkuria mmoja mzee aliuliza jirani yake kwa Kiswahili, "Huyu ni mlevi?" Akajibiwa, "Hapana, ni mwalimu." Wakacheka. Nilistahili.

Akinyi alinipa keki, kubwa. "Kula hapa. Watu waone."

Nikala nimesimama, kofia kwapani, yote, mpaka makombo. Zabibu zilikuwa nyingi. Zilikuwa nyeusi.

Nilitaka kulipa. Alikataa. Sijui kama kukataa kwake kulikuwa wema au adhabu. Nimelifikiri njia nzima. Nadhani vyote.

Jumapili, 11 Septemba

Baraza. Turfena amerudishiwa kitambaa. Alikipokea, akakitazama pande zote mbili, akakifunga. Mimi nimeondolewa uzee kwa mwaka mmoja. Ni adhabu sahihi. Mchungaji aliuliza nani atamwaga masalio ya meza mwezi huu. Turfena alijibu kabla ya mtu mwingine, "Mwalimu. Hajamaliza kazi yake."

Sikuelewa. Nimekaa nikishuku maneno hayo jioni yote.

Jumamosi, 24 Septemba

Meza ya Bwana. Niliketi kwenye kibenchi cha wanaume na beseni miguuni pangu. Wengine wakapata wenzao. Nikabaki. Niliyatazama maji.

Zakaria alikuja mwisho. Aliketi, akavua kiatu kilichopasuka, kisha soksi. Nikapiga magoti. Ufa wa kisigino umerefuka tangu Juni. Niliuosha polepole. Kisha akaniosha mimi. Maji yalikuwa baridi, na mikono yake haikuwa na haraka.

Maji ya zabibu yalikuwa meusi kama kahawa. Nikanywa.

Baada ya ibada nilichukua jagi nikaenda nyuma ya kanisa. Turfena alinifuata, akasimama karibu na tanki, mikono kifuani. Nilimwaga. Ardhi ilikuwa kavu, ikayanywa yote. Nikainamisha jagi mpaka tone la mwisho, kisha nikamgeuzia ndani yake aone.

Alitazama. Akatikisa kichwa kukubali, akanipokonya jagi, akaenda kuliosha.